Krediti 360: nani alianza kuhesabu saa zako za chuo?

Chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Kwa utaratibu wa TCU, mwanafunzi wa Tanzania hapati shahada ya kwanza bila kufikisha angalau krediti 360. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na ndani yake kuna kila kitu: mhadhara, semina, maabara, kujisomea, kuandika kazi, mpaka kukaa kwenye mtihani. Zidisha, unapata saa 3,600. Uwe unasoma historia, uwe unasoma kemia, uwe mtu wa kukesha maktaba au mtu wa kusoma siku mbili kabla ya UE, kwenye karatasi wote mna saa 3,600 zilezile.

Sasa, nani aliamua kwamba elimu ipimwe kwa saa? Ukiifuatilia habari hii mpaka mwanzo wake, hukutani na mwanasayansi aliyepima akili za watu, wala mwalimu aliyegundua kwamba baada ya saa fulani mtu anakuwa ameiva. Unakutana na tajiri wa chuma aliyetaka kuwalipa maprofesa pensheni.

Lakini ngoja kwanza. Ili uone ajabu yake, inabidi ujue kwamba vyuo vya Afrika Mashariki vilizaliwa ndani ya utaratibu ambao haukuhesabu saa hata moja.

Mtihani peke yake

Zamani Oxford na Cambridge walikuwa na masharti mawili makubwa kwa anayetaka digrii: ukae chuoni idadi fulani ya mihula, halafu ufaulu mitihani. Kukaa kulikuwa ni kukaa kweli, kulala pale na kula ukumbini na wenzako. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikavunja sharti la kwanza. Kikafungua mitihani yake kwa mwanaume yeyote, popote alipo duniani. Umesomea wapi, umefundishwa na nani, umekaa darasani siku ngapi, hiyo ni juu yako. Lipa ada, kaa kwenye mtihani, ukifaulu chukua digrii.

Utaratibu huo ulifika mbali kuliko mtu angetegemea. Wafungwa wa vita waliokuwa kwenye kambi za Wajerumani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia walifanya mitihani ya London. Nelson Mandela naye alisoma sheria ya London kwa posta akiwa kifungoni Robben Island. Mtu wa namna hiyo ungemhesabia saa za darasani vipi?

London ndiyo iliyoanza pia kutoa B.Sc. nchini Uingereza, mwaka 1860. Kabla ya hapo sayansi ilisomwa chini ya B.A., na mpaka leo anayesoma fizikia Cambridge anatoka na B.A. mkononi. Kwa hiyo ile mizaha ya vyuoni kwamba B.A. ni ya watu wa maneno na B.Sc. ni ya watu wa hesabu haina mizizi mirefu sana. Majina ya digrii ni mila za mahali. Mwalimu Nyerere alimaliza Edinburgh mwaka 1952 na cheti kinachoitwa M.A., na wapo wanaosema alikuwa na shahada ya pili. Hapana. Vyuo vya kale vya Scotland huita shahada yao ya kwanza ya sanaa M.A. Ndivyo walivyozoea tangu enzi.

Pensheni ya maprofesa

Tuvuke bahari sasa. Marekani ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na vyuo vingi na vurugu nyingi. Neno "chuo" liliweza kumaanisha Harvard, na liliweza kumaanisha nyumba yenye walimu watatu wanaofundisha watoto wa sekondari. Hata ndani ya Harvard mambo yalikuwa yanabadilika. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa chuo hicho kuanzia 1869 hadi 1909, alivunja ule mtaala wa zamani ambapo kila mwanafunzi alisoma Kigiriki, Kilatini na hisabati kwa mpangilio mmoja. Akawaachia wanafunzi wachague kozi wenyewe.

Uhuru huo ulileta tatizo la kihasibu ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Kama wote mnasoma vitu vilevile, mnamaliza pamoja na hakuna cha kuhesabu. Kama huyu kachukua botania na yule kachukua falsafa, utajuaje kwamba wote wamemaliza? Lazima utafute kitu kimoja kilichomo ndani ya kozi zote. Muda ulikuwapo, na ulikuwa rahisi kuhesabu.

Mwaka 1905 akaja Andrew Carnegie, yule wa viwanda vya chuma. Maprofesa wa Marekani walikuwa wanazeeka bila akiba ya maana, naye akatoa dola milioni 10 ili walipwe pensheni. Taasisi ikaundwa, Taasisi ya Carnegie ya Kuendeleza Ualimu, na kiongozi wake akawa Henry Pritchett, aliyekuwa rais wa MIT. Eliot wa Harvard alikuwa mwenyekiti wa bodi. Mara moja wakagonga ukuta: fedha hizi ni za maprofesa wa vyuo, haya, chuo ni nini?

Walichofanya ni kuandika masharti. Chuo kiwe na maprofesa wasiopungua sita wa kudumu. Kiwe na masomo ya miaka minne. Kisiwe chini ya dhehebu la dini (na kweli, vyuo kadhaa vilikata uhusiano wao rasmi na makanisa ili walimu wao waingie kwenye pensheni). Halafu likaja sharti lililobadilisha dunia: chuo kipokee wanafunzi waliokamilisha yuniti 14 za sekondari. Na yuniti ni nini? Somo moja linalofundishwa vipindi vitano kwa wiki mwaka mzima wa shule, yaani kama saa 120.

Basi. Yuniti ya Carnegie ikazaliwa hivyo, kama kipimo cha kuchuja nani alipwe kiinua mgongo na nani asilipwe. Hakuna aliyedai kwamba saa 120 za jiografia zinamwachia kila mtoto kiasi kilekile cha jiografia. Lakini fedha ina nguvu. Chuo kilichotaka pensheni kilidai yuniti 14, na sekondari iliyotaka wanafunzi wake wapokelewe vyuoni ikapanga ratiba kwa yuniti. Ndani ya miaka michache ikawa ndiyo lugha ya kila ofisi ya usajili.

Mtu wa viwanda anaingia maabara

Pritchett hakuishia hapo. Alitaka kujua kama vyuo vinatumia vizuri rasilimali zao, na ushauri akautafuta kwa Frederick Taylor, mhandisi aliyepata jina kwa kupima kazi za viwandani kwa saa ya mkononi, kila hatua ya mfanyakazi na sekunde zake. Taylor akampendekeza mwanafunzi wake, Morris Cooke. Cooke akazunguka kwenye vyuo vinane akichunguza idara za fizikia, na mwaka 1910 ripoti yake ikatoka.

Nakiri kwamba kama mtu wa sayansi nimesoma habari za ripoti hii kwa kucheka na kuuma meno kwa pamoja. Cooke alishangaa kwamba kila profesa ni bosi wake mwenyewe. Alitaka vyumba vihesabiwe vinatumika saa ngapi kwa siku. Na alitaka kuwe na kipimo kimoja cha kazi ya chuo, alichokiita saa ya mwanafunzi: saa moja ya mhadhara, maabara au darasa, kwa mwanafunzi mmoja. Ukiwa nacho unaweza kupiga hesabu saa moja ya mwanafunzi wa fizikia inagharimu shilingi ngapi hapa na shilingi ngapi kule. Richard Maclaurin, rais wa MIT wakati huo na yeye mwenyewe mtu wa fizikia ya nadharia, alilalamika kwamba ripoti inasomeka kama imeandikwa na mtu aliyepata mafunzo yake kwenye kiwanda cha sabuni.

Kejeli nzuri, ila Cooke ndiye aliyeshinda. Vyuo vya Marekani vikajenga digrii zao juu ya saa za semista, na mpaka leo B.A. au B.Sc. ya kawaida kule ni krediti 120 kwa miaka minne. Krediti moja ni kama saa moja darasani kila wiki kwa semista nzima, pamoja na saa mbili za kujisomea. (Hiyo 120 isikuchanganye na saa 120 za yuniti ya sekondari. Zimegongana tu.)

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba taasisi ileile ya Carnegie ndiyo iliyogharamia utafiti ulioonyesha udhaifu wa kipimo chake. William Learned na Ben Wood walipima maarifa ya wanafunzi wa jimbo la Pennsylvania, wa sekondari na wa vyuo, kwa mitihani mirefu, kuanzia 1928. Matokeo kamili yalichapishwa 1938. Waligundua kwamba idadi ya miaka na krediti ambazo mtu amekusanya haikusema mengi kuhusu anachokijua. Kuna wanafunzi wa sekondari waliowapita baadhi ya watu waliokuwa wanakaribia kuvaa joho. Utafiti ukasifiwa, ukawekwa kabatini, na krediti zikaendelea.

Nyumbani: kutoka London mpaka semista

Huku kwetu, mwaka 1949 Makerere iliingia kwenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walisoma Kampala, digrii zikatoka London, na za kwanza zilitolewa mwaka 1953. Mihtasari iliruhusiwa kurekebishwa ifanane na mazingira, lakini London ilikuwa na sauti ya mwisho kwenye mtihani. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini kwenye jengo la TANU pale Lumumba, nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1963 ukaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Julai 1970 kikagawanyika kuwa vyuo vitatu.

Katika kipindi hicho chote kilichokufanya uhitimu ni mtihani. Unasoma mwaka mzima, mwisho wa mwaka unafungiwa ukumbini, na matokeo yanasema wewe ni daraja gani. Saa zako ni shauri yako.

Nchi ikaongeza masharti yake juu ya yale ya London. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ikaonekana haiwezekani mtu akae miaka mitatu Mlimani akisoma zuolojia tu bila kujua nchi yake inakwenda wapi. Masomo ya maendeleo yakawa ya lazima kwa wote, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Wanafunzi wa sayansi wanaolalamikia DS mpaka leo wanalalamikia tunda la mwaka 1967. Mimi niliwahi kulalamika pia. Siku hizi naona ni moja ya masharti machache kwenye digrii zetu ambayo yaliwekwa kwa kuuliza mhitimu anatakiwa ajue nini, si akae wapi au kwa muda gani.

Kisha Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, halafu kazini, na maoni ya mwajiri na ya chama yaangaliwe. Wanawake walilegezewa mapema, kwa sababu idadi yao vyuoni ilianza kuporomoka, na baadaye sharti lote likafifia. Kwa miaka hiyo njia ya digrii ilipitia shambani, ofisini na kwenye tawi la chama, na hakuna safu ya krediti ambayo ingeweza kuyaandika hayo.

Semista na yuniti vilikuja kuenea kuanzia miaka ya 1990, vyuo vilipopanuka na kozi zikagawanywa vipande vidogo. TCU ikaanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na hesabu ya krediti 360 ikaja na mfumo wake wa tuzo. Kwa hiyo tulichonacho leo ni mchanganyiko. Tumechukua hesabu ya saa iliyoanzia Marekani, tukaipandisha juu ya mtihani wa London, na London yenyewe haijaondoka. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria saa zote 100 za kozi, akapata sapu, akaishindwa, na krediti zake 10 zikawa sifuri. Saa hazijapotea, alikaa pale, ila hazipo kwenye transkripti. Kama krediti ni kipimo cha muda, zilienda wapi? Na kama ni kipimo cha ujuzi, kwa nini tunaziandika kwa saa?

Ubadilishaji wa fedha

Swali hilo lingekuwa la kahawa tu kama kila mtu angebaki chuo chake. Shida inaanza ukihama.

Ulaya ina krediti zake, ECTS, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 ili wanafunzi wa mpango wa Erasmus waweze kusoma nchi nyingine bila kupoteza mwaka. Krediti 60 kwa mwaka, 180 kwa digrii ya miaka mitatu, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Uingereza wanatumia 360 kama sisi, kila moja saa 10. Ukibadilisha za Uingereza kwenda Ulaya unagawa kwa mbili: 360 inakuwa 180. Sasa piga hesabu kwa saa. Uingereza ni 3,600. Ulaya ni 4,500 kwa kiwango cha chini. Marekani, ukihesabu saa tatu kwa wiki kwa kila krediti katika semista ya wiki 15, ni 5,400. Kati ya Uingereza na Ulaya pekee kuna saa 900 hazionekani, na nchi zote zinapokea digrii za wenzao bila kupepesa jicho. Wamekubaliana, basi.

Makubaliano hayo hayajamfikia kila mtu. Mwenzangu mmoja, B.Sc. ya miaka mitatu na GPA ya kujivunia, aliomba nafasi ya masters kwenye chuo kimoja Marekani. Akajibiwa kwamba digrii yake ni pungufu kwa mwaka mmoja, asome kwanza kozi za mwaka wa nne. Kwa gharama zake. Mkenya tuliyekuwa tunafanya naye kazi maabara, mwenye digrii ya miaka minne, alipita bila swali.

Lakini hesabu miaka yote, tangu darasa la kwanza. Tanzania: 7 ya msingi, 4, 2, halafu 3 chuoni, jumla 16. Kenya ya 8-4-4, iliyoanza 1985 na kufuta kidato cha tano na sita: 16. Marekani, 12 na 4: 16. Uingereza, 13 na 3: 16. Mkenya alisoma chuoni mambo ambayo Mtanzania aliyasoma kidato cha sita, na Mmarekani vilevile. Ule "mwaka uliopotea" uko Tabora au Kilakala, kwenye daftari za A-level. Transkripti ya chuo haina mahali pa kuuandika.

Na hesabu hii inaenda kubadilika. Mtaala mpya wa Kenya, ule wa 2-6-3-3-3, unahesabu 6, 3, 3 kisha 3 chuoni: 15. Sera mpya ya elimu ya Tanzania inapunguza shule ya msingi kuwa miaka 6, nayo ikiwa na 4, 2 na 3 inatoa 15. Sisemi kwamba mwaka mmoja wa msingi unaondoa chochote kwenye fizikia ya chuo. Nasema afisa usajili wa mbali, mwenye maombi elfu mezani, anahesabu kwa vidole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza mwaka 2017 kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na angalau kati yetu wenyewe tuna meza ya kukalia na kuzungumza. Kwa wa nje, kila mwombaji bado anajitetea peke yake.

Taasisi ya Carnegie yenyewe ilirudi kuitazama yuniti yake. Ripoti ikatoka Januari 2015: kipimo kina kasoro, hakipimi ujifunzaji, lakini kwa sasa hakuna kingine kinachoweza kushika nafasi yake bila kuvuruga kila kitu kilichojengwa juu yake, kuanzia ratiba mpaka mikopo ya wanafunzi. Fikiria bumu lako la mwaka linategemea umesajili kozi zipi na umezifaulu ngapi, utaelewa walichokuwa wanaogopa.

Kwa anayepanga kuomba chuo nje, transkripti haitoshi. Wanaojua kazi yao watakuomba muhtasari wa kila kozi, wenye mada, saa za mhadhara, saa za maabara na vitabu vilivyotumika, na hapo ndipo unapoweza kuonyesha ulichosoma kweli. Ambatanisha na cheti cha kidato cha sita hata kama hawajakiomba. Mihtasari hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kuutafuta ule wa mwaka uliosoma wewe ukiwa umeshaondoka ni kazi ya kupanda ngazi na kushuka. Uombe idarani ukiwa bado una kitambulisho cha chuo mfukoni.